Daftari la 1972: shajara ya mradi, Katumba na Mishamo

Machi, masika hayajakolea

Kibali cha wilaya kimetoka, na barua ya mtendaji wa kijiji tunayo. Kazi inaanza.

Kwa anayetusoma kwa mara ya kwanza: sisi ni kikundi kidogo, wengi wetu tumezaliwa Katumba au Mishamo, makazi ya wakimbizi yaliyoko Katavi, magharibi mwa Tanzania, na wazazi au babu zetu walitoka Burundi mwaka 1972. Tunarekodi kumbukumbu za mwaka ule kwa wazee waliobaki kabla hawajatuacha. Lengo tuliloandika kwenye maombi ni moja: daftari la majina. Nani alichukuliwa, komine ipi, kilima kipi (Burundi hugawanywa kwa komine, na ndani ya komine kwa vilima), lini, nani alimwona mara ya mwisho. Fomu tumeipiga chapa Mpanda mjini, safu saba, na kauntabuku kubwa la kuhamishia yote.

Historia niieleze, maana watoto wengi wa hapa wanajua tu kwamba babu "alikimbia vita". Novemba 1966 Kapteni Michel Micombero alimpindua Mfalme Ntare wa Tano akatangaza jamhuri. Tangu hapo nchi ikawa mikononi mwa jeshi, na jeshi lenyewe likachujwa: maofisa wa Kihutu walikuwa wameshauawa baada ya jaribio la mapinduzi la 1965, wengine wakafuata 1969. Jioni ya tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walivamia Rumonge, Nyanza-Lac na maeneo mengine ya kusini, wakaua Watutsi, viongozi na raia wa kawaida. Usiku huohuo Ntare, aliyekuwa amerejea kutoka Uganda mwezi mmoja tu kabla, aliuawa Gitega. Kilichofuata kilivuka mipaka ya kusini: askari na vijana wa chama tawala cha UPRONA waligeukia Wahutu nchi nzima, wakaanza na waliosoma. Walimu, wauguzi, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu, mapadri, askari wenzao. Makadirio ya waliouawa kwa miezi michache ile huanzia watu 100,000 hadi 300,000. Watu kama 150,000 walitoroka nchi, wengi wao wakaja Tanzania.

Watu wetu wametoka ukanda wa Imbo ya kusini, kando ya Ziwa Tanganyika: samaki, michikichi, joto. Kutoka Bujumbura huko ni pembezoni. Ila mkoa wa Bururi, ambao wakati ule ulishuka mpaka ziwani, ndio uliotoa marais wote watatu wa kijeshi: Micombero, Bagaza na Buyoya, wote watu wa Rutovu, huko milimani. Walioamuru na waliokimbia walitoka mkoa mmoja.

Machi, wiki inayofuata

Fomu imekwama nyumba ya kwanza.

Mzee alitukaribisha vizuri, tukaamkiana, tukaletewa viti na mihogo ya kuchemsha. Akasikiliza maelezo yote. Nilipoweka fomu gotini na kufungua kalamu akanyoosha mkono, akaichukua karatasi, akapitisha kidole kwenye safu moja baada ya nyingine kutoka juu hadi chini. Alisoma hadi darasa la sita kwa wamisionari, kwa hiyo anasoma. Kisha akaikunja mara mbili na kunirudishia.

"Mwanangu, wewe andika njia tuliyopita. Andika ziwa lilivyokuwa. Majina uyaache."

Nyumba ya pili hivyohivyo, kwa maneno mengine. Ya tatu mama alisema majina yote anayo, ila hayatoki kwenda kwenye karatasi ya mtu asiyemjua.

Jioni tulikaa kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye akatueleza jambo ambalo kila mtu wa rika lake analijua. Mwaka 1972 watu walikamatwa kwa orodha. Karatasi ilifika komine, ikafika shuleni, ikafika hospitali na misheni. Mtu aliitwa jina lake mbele ya wenzake, mara nyingi kwa adabu kabisa: njoo ofisini mara moja, kuna maelezo yanatakiwa. Waliokwenda wenyewe walikuwa wengi, kwa sababu hawakuwa na kosa lolote wanalolijua. Wakapakiwa kwenye malori. Sasa tunakuja sisi, vijana wenye kalamu, na karatasi yenye safu: jina, kilima, kazi yake.

Hata ile safu ya kazi. Ndiyo ileile waliyoitumia wao.

Aprili

Utaratibu mpya ni huu. Hatubebi fomu. Kinasa sauti kinawekwa mezani, mwenye nyumba anaonyeshwa kitufe cha kuzima, na anakizima mwenyewe akitaka. Tunauliza njia: mlitoka vipi, mkapita wapi, mkala nini. Majina yakija yenyewe ndani ya simulizi, yamekuja. Anayetaka orodha ya watu wake iandikwe, iandikwe na mtu wa nyumba ile, kwa daftari la nyumba ile, na likae hapohapo sandukuni. Sisi tunaandika tu kwamba daftari lipo, na nyumba gani inalo.

Mmoja wetu hakupendezwa. Anasema tutamaliza mradi bila daftari la pamoja, na wafadhili wadogo waliotupa nauli wameahidiwa daftari. Ni kweli. Barua ya kuwaeleza imeshatumwa.

Lakini sauti zimeanza kuja, na zinakuja kwa wingi. Wa Nyanza-Lac waliteremka ziwani na kupita kwa mitumbwi usiku, wakiambaa na ufuko mpaka Kagunga na Kigoma. Wa juu walivuka Mlagarasi kwa miguu kuelekea Kasulu na Kibondo, wakapokelewa na Waha, ambao lugha yao inaelewana na Kirundi kiasi kwamba wengine walijificha humohumo wakawa Waha hadi leo. Hao hatuwezi kuwafikia na wala hatutawatafuta. Wamejichagulia.

Katika rekodi za mwezi huu, kinachorudi mara kwa mara kuliko mauaji yenyewe ni kukatazwa kulia. Serikali ilisema waliochukuliwa ni wahaini, *abamenja*, na mhaini hana msiba. Mjane hakuruhusiwa kuketi matanga, jirani hakuruhusiwa kuja kumpa pole. Mali ya marehemu ilichukuliwa: ng'ombe, baiskeli, akaunti ya benki, hata nyumba, na mjane akaambiwa aondoke. Mama mmoja anasimulia kwamba askari walipita nyumba kwa nyumba asubuhi wakiangalia nani macho yake yamevimba. Alikuwa mtoto wa miaka tisa. Mama yake aliwasha moto wa kuni mbichi ndani, moshi ukajaa, ikawa kila mtu mle ndani macho mekundu na sababu ipo.

Nimeisikiliza rekodi hiyo tena na tena. Sijui kama tungeipata kwa fomu.

Mei

Mishamo. Barabara imeharibika kwa mvua, bodaboda zinapandisha nauli, tumelala njiani.

Mishamo ina historia yake. Makazi ya kwanza yalikuwa Ulyankulu, Tabora, 1972, kisha Katumba 1973. Ulyankulu ilipozidiwa watu na maji yakawa shida, Mishamo ikafunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na maelfu wakahamishiwa huku. Msitu mtupu. Walipewa viwanja vilivyopimwa kwa mstari, jembe, panga na mbegu, na baada ya miaka michache walikuwa wanauza tumbaku na maharage kuliko wenyeji. Humuhumu ndani ya Mishamo ndipo PALIPEHUTU, chama cha ukombozi wa Wahutu, kilipoanzishwa mwaka 1980, na huwezi kuelewa namna watu wa hapa wanavyosimulia bila kujua hilo.

Maana wanasimulia vizuri mno. Katumba mtu anaanzia popote: kwenye mbuzi aliyeachwa, kwenye viatu. Mishamo mzee anaanzia kwa wafalme, anakwenda kwa Wabelgiji, anafika 1965, 1969, halafu 1972, kila kitu kwa mpangilio, na jirani yake akihojiwa kesho anafuata mpangilio uleule kwa maneno yaleyale. Simulizi limelainika kama mpini wa jembe lililopita viganja vingi. Mtafiti mmoja wa anthropolojia aliyekaa hapa na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980 aliliona hilo mapema: wakimbizi waliowekwa pamoja kambini walijijengea historia moja ya taifa lililoonewa, na wale wa Kigoma mjini, waliokwisha kuoana na kufanya biashara na wenyeji, hawakuwa na haja nayo kubwa.

Wenzangu wawili wanaona tuchukue simulizi hili kama lilivyo kwa sababu ndilo kumbukumbu ya jamii. Mimi naona tulichukue, ndiyo, lakini tusiishie hapo. Lina ukweli mwingi, na pia lilipitia mikutano ya siasa. Kwa hiyo hapa tunauliza vitu vidogo kwa makusudi. Shati alilovaa lilikuwa la rangi gani. Ufunguo wa nyumba uko wapi. Mzee akishuka kutoka kwa wafalme kuja kwenye ufunguo, sauti inabadilika, na mara nyingi ndipo anapoomba tuzime.

Mei, mwisho

Ugomvi ndani ya kikundi, na nauandika kwa sababu utaamua nini kitaingia kwenye hazina yetu.

Kuna mama hapa Katumba, si mbali na soko, ambaye wazazi wake waliuawa na waasi siku mbili za mwanzo, karibu na Rumonge. Ni Mtutsi. Aliokolewa na jirani Mhutu, na jeshi lilipokuja kulipiza jirani yule akakimbia naye akimwita mwanawe. Amekulia Katumba, kaolewa Katumba, watu wazima wote wanajua na hakuna anayesema. Alitufuata mwenyewe. Anataka kurekodiwa.

Mmoja wetu alisema mradi ni wa waliokimbia utawala wa kijeshi, na hadithi ya waasi itatumiwa na wale wanaosema jeshi lilijilinda tu. Hoja hiyo naifahamu na ina uzito: utawala wa Micombero uliyauza mauaji yote kwa jina la kuzima uasi, na dunia ikanunua. Mei 1972 Katibu Mkuu wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika), Diallo Telli, alifika Bujumbura akatangaza kumuunga mkono Micombero. Mobutu, rais wa Zaire, alikuwa ameshatuma askari wa kumsaidia. Mpaka leo kuna wanaosimulia 1972 kwa kuishia mwanzoni mwa Mei, pale uasi na ile "Jamhuri ya Martyazo" ya siku chache, waliyoitangaza waasi kule Vyanda, uliposambaratishwa, kana kwamba malori ya wiki zilizofuata hayakuwapo.

Ila tukimkataa huyu mama, na sisi tunakata simulizi kwa tarehe tunayojichagulia. Tumekubaliana arekodiwe, na rekodi yake ikae katika mfululizo uleule wa komine ya Rumonge, bila jalada la pembeni. Aliyepinga amebaki kwenye kikundi. Mahojiano hayo alikuja kuyafanya yeye, kwa sababu anakijua Kirundi cha kule kuliko sisi wote.

Juni

Tumekutana na hofu nyingine, na hii ni ya karatasi za Tanzania.

Mwaka 2007 serikali iliwapa wakimbizi wa 1972 hiari: kurudi Burundi au kuomba uraia. Watu wengi mno, takriban wanne kwa kila watano, waliomba uraia. Waliokubaliwa mwaka 2010 ni zaidi ya 162,000, lakini vyeti vilikaa miaka kwa sababu mpango wa awali ulitaka wahamishwe na kutawanywa mikoani. Mpango ukaachwa, na Oktoba 2014 Rais Kikwete akaanza kugawa vyeti. Kila nyumba hapa ina cheti ndani ya nailoni, juu ya kabati au chini ya godoro.

Sasa kijana mmoja wa nyumba tuliyoihoji alitujia usiku kuomba rekodi ya babu yake ifutwe. Mtu kamwambia kwamba anayesimulia ya Burundi anaonekana bado ni Mrundi, na cheti kinaweza kuulizwa. Tulimweleza kwamba sheria haisemi hivyo. Hakuridhika. Tumeifuta mbele yake, kwenye kinasa sauti na kwenye nakala, na babu alikuwa ameketi anatuangalia tu. Asubuhi babu alituma mjukuu mwingine kutuita. Amerekodi upya, mfupi zaidi, bila jina lake wala la kijiji. Tunaitunza hivyo.

Nimewaza sana juu ya haya. Burundi ya Micombero, kisha ya Bagaza aliyempindua Novemba 1976, iliwafundisha watu kwamba kukumbuka ni kesi. Chini ya Bagaza hata kutaja makabila hadharani kulikatazwa kwa jina la umoja. Waliobaki ndani wakajifunza kunyamaza, wakaogopa hata kumpeleka mtoto shule, kwa kuwa waliosoma ndio walioitwa. Watu wetu walivuka mpaka na somo hilo mfukoni, na miaka hamsini ya usalama wa Tanzania haijalifuta.

Juni, Kigoma

Safari fupi. Kigoma mjini watu hawana muda na sisi, kama tulivyotarajia. Kilichopatikana cha maana ni mzee aliyefanya kazi bandarini, Mtanzania wa hapahapa, anayekumbuka mwaka 1973 jeshi la Burundi lilipovuka na kushambulia vijiji vya mpakani likiwafuata wakimbizi. Wafanyakazi wa bandari waligoma kushughulikia mizigo ya Burundi. Burundi haina bahari, mizigo yake ilipita kwa reli hadi Kigoma kisha kwa meli, kwa hiyo mgomo uliuma. Anasimulia kwa fahari ya kibandari, mikono kiunoni. Tumempa faili lake peke yake, maana kumbukumbu za majirani waliopokea zimeandikwa kidogo sana.

Agosti

Kazi ya kusikiliza na kunakili. Umeme wa sola unatosha kompyuta moja.

Wakati tunanakili, vijana wa Katumba wameanza kuja jioni na simu zao, wakitaka wazee waangalie picha za Karuzi. Kwa asiyefuatilia: Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi, iliyotokana na Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000 ila ikaundwa mwaka 2014 tu, ilianza kufukua makaburi ya halaiki kwa kasi mwaka 2020. Karuzi, karibu na mto Ruvubu, walitoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000 na risasi nyingi. Wengine walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Desemba 2021 tume ilitamka kwamba yaliyofanywa dhidi ya Wahutu 1972 ni mauaji ya kimbari.

Wazee walipitisha simu mkono kwa mkono. Hakuna aliyeangua kilio. Mzee yule wa fomu, wa mwezi Machi, aliirudisha picha nyuma kwa kidole mpaka kwenye miwani, akaomba ikuzwe. Kaka yake alikuwa karani na alivaa miwani. Karuzi ni mbali sana na kwao na hakuna sababu ya kuwa ni yeye. Akauliza kama tume inaandika miwani ina fremu ya namna gani.

Tume hiyo ina wanaoipinga. Inalaumiwa kwamba imeegemea upande mmoja, kwamba inachimba 1972 kwa bidii kuliko 1993, Watutsi walipouawa baada ya Rais Ndadaye kuuawa na wanajeshi, na kwamba mifupa inapangwa hadharani bila uchunguzi wa kitaalamu wa kutosha. Tume iliundwa chini ya Rais Nkurunziza, ambaye baba yake, mbunge, aliuawa 1972, na wapinzani hawakuacha kulitaja hilo. Lawama nyingine naona ni za haki. Hata hivyo nimekaa na watu waliokatazwa kuketi matanga kwa nusu karne, na nilichokiona kwenye benchi lile ni watu wanaoonyeshwa kwa mara ya kwanza, na serikali ya nchi yao ya zamani, kwamba kilichotokea kilitokea. Mambo mawili hayo nayabeba pamoja.

Kesho yake mzee alikuja na mjukuu wa kike na daftari la shule la kurasa 48. Majina yapo, kwa mwandiko wa mjukuu, na mbele ya kila jina kitu kimoja: miwani yenye fremu nyeusi, kovu la nyundo kidole gumba, koti la kijivu. Hakuna safu ya kazi. Ametupa tulipige picha, na daftari likarudi nyumbani.

Septemba

Hali ilivyo. Nyumba nyingine zimefuata mtindo wa yule mjukuu bila sisi kuwaambia, na sasa madaftari ya nyumbani ni mengi kuliko fomu tulizopiga chapa. Fomu zenyewe tumewapa watoto waandikie upande wa nyuma. Mfadhili amejibu na amekubali kupokea ramani ya sauti badala ya daftari moja.

Jambo la ardhi limejitokeza kwa nguvu na hatukulipanga. Waliorudi kusini tangu 2008 walikuta mashamba yao Rumonge na Nyanza-Lac yana watu wengine, mengine yaligawiwa na serikali yenyewe, mengine yakawa michikichi ya miradi. Sheria ya ardhi ya Burundi humlinda aliyekalia shamba kwa miaka 30, na wao walikaa nje zaidi ya hiyo. Katika rekodi zetu wazee wanataja mipaka: mto, mwembe, jiwe, jina la jirani wa juu na wa chini. Familia mbili zimeomba nakala za sauti za babu zao kwa ajili hiyo. Tumetoa kwa familia husika tu, na hatutatoa kwa mtu mwingine yeyote, awe wakili au mwandishi wa habari.

Tunachohitaji kabla ya kwenda Rumonge kiangazi hiki hakijaisha: memori kadi, betri za kinasa sauti, na mtu anayekisikia Kirundi cha Imbo kilichochanganyika na Kiswahili cha ziwani, mwenye subira ya kunakili. Rekodi za Mishamo zimenakiliwa nusu. Za Katumba zimekamilika isipokuwa zile tatu ambazo wenyewe wamesema zisiguswe mpaka wafe.